Namna ya Kuomba Nafasi ya Uzamili au Uzamivu kwa Profesa Anayetafiti Prosesa Salama

Profesa wa uhandisi wa kompyuta anayetafiti prosesa salama hupokea barua pepe nyingi za waombaji kila msimu wa udahili, na nyingi kati ya hizo zinafanana kiasi kwamba ukibadilisha jina la mwandishi hakuna kitakachoharibika. Mwombaji hujitambulisha, hueleza kwamba alipenda kompyuta tangu utotoni, hutaja wastani wa alama zake, huandika kwamba amevutiwa sana na utafiti wa profesa, kisha huomba nafasi. Barua ya namna hiyo haina kosa la adabu wala la sarufi. Kasoro yake ni kwamba haimpi profesa jambo lolote la kumsaidia kuamua. Mwongozo huu unaeleza njia nyingine, iliyo ndefu na yenye kazi zaidi: kuifahamu taaluma yenyewe mpaka upate swali moja dogo lililo lako, kulifanyia majaribio, kisha kuyajenga maombi yote juu ya swali hilo.

Fahamu kwanza kinacholindwa, na dhidi ya nani

Katika usalama wa kawaida wa kompyuta, prosesa na mfumo endeshi huhesabiwa kuwa upande wetu, na programu zinazoingia kutoka nje ndizo hutiliwa shaka. Utafiti wa prosesa salama huigeuza hali hiyo. Huuliza kama programu inaweza kuchakata siri juu ya mashine ambayo mwenye nayo haaminiki, ambayo mfumo endeshi wake umetekwa na adui, na ambayo pengine adui huyo ameifungua na kuchomeka vifaa vya kupimia kwenye nyaya zinazounganisha prosesa na kumbukumbu. Jibu la msingi limebaki lilelile kwa zaidi ya miaka 20: mpaka wa uaminifu huchorwa kuizunguka chipu yenyewe. Kilichomo ndani ya chipu kinaaminika. Kinachotoka nje husimbwa na hukaguliwa kinaporudi. Na mtu aliye mbali hupewa uthibitisho uliotiwa saini kwamba programu inayoendeshwa humo ndani ni ileile aliyoituma.

Mradi wa XOM wa Chuo Kikuu cha Stanford, uliochapishwa mwaka 2000, na ule wa AEGIS wa MIT, uliochapishwa mwaka 2003, ni miongoni mwa kazi zilizoweka msingi huo katika vyuo vikuu. Mwaka 2015 kampuni ya Intel ilitoa prosesa zenye SGX, na wazo lililokuwa la maabara likaingia katika kompyuta zinazouzwa madukani, likiiwezesha programu kuwa na sehemu iliyotengwa, iitwayo enklevu, ambayo hata mfumo endeshi haupaswi kuichungulia. Mwaka 2016 watafiti wa MIT walichapisha Sanctum, iliyojengwa juu ya RISC-V na kuzigawa kache, yaani kumbukumbu ndogo za haraka zilizo ndani ya chipu, ili enklevu moja isipelelezwe na programu jirani. Na mwaka 2020 kikundi cha Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilichapisha Keystone, ambayo inamruhusu mjenzi wa mfumo achague mwenyewe ni kinga zipi anazihitaji. Nimeitaja RISC-V mara moja tu, lakini mwombaji aizingatie. Ni seti ya amri iliyo wazi kwa yeyote, iliyoanzishwa Berkeley mwaka 2010, na kwa sababu hiyo mwanafunzi asiye na mkataba na kampuni yoyote anaweza leo kuibadilisha prosesa nzima na kuiendesha kwenye kompyuta yake.

Historia hiyo ina upande wa pili, wa wavunjaji, na mwenye kuusoma upande mmoja peke yake huonekana mara moja katika mahojiano. Mwaka 1996 Paul Kocher alionyesha kwamba muda unaotumiwa na hesabu za usimbaji fiche unaweza kuufichua ufunguo wa siri. Mwaka 2008 watafiti wa Princeton na wenzao walionyesha kwamba kumbukumbu ya kompyuta haisahau papo hapo umeme unapokatwa, na kwamba ikipozwa hukawia zaidi kusahau, kiasi cha mtu kuihamishia kwenye mashine nyingine na kuzisoma funguo zilizomo. Mwaka 2014 ilichapishwa kazi ya Rowhammer, ambamo kusoma mstari mmoja wa kumbukumbu mara nyingi kwa kasi hugeuza biti za mistari ya jirani. Moduli 110 kati ya 129 zilizopimwa zilikutwa na udhaifu huo. Januari 2018 zikatangazwa Spectre na Meltdown, ambazo hutumia tabia ya prosesa ya kutekeleza amri kabla ya kuwa na hakika kwamba zinatakiwa, na Agosti mwaka huohuo ikafuata Foreshadow, iliyofikia kuzitoa funguo ambazo uthibitisho wa SGX ulizitegemea.

Sio lazima uyajue yote hayo kwa kina. Lakini ni lazima ujue profesa unayemwandikia amesimama wapi. Yuko anayebuni prosesa mpya, yuko anayetafuta nyufa katika prosesa zilizopo, yuko anayethibitisha kwa mantiki ya kihisabati kwamba maunzi hayavujishi siri, na yuko anayefanya kazi na vielekezi (anwani za kumbukumbu zinazotumiwa na programu) vinavyolindwa na maunzi, kama ilivyo katika mradi wa CHERI wa Chuo Kikuu cha Cambridge na taasisi ya utafiti ya SRI. Kumwandikia mthibitishaji barua iliyojaa shauku ya kuvunja chipu ni sawa na kumpelekea seremala maombi ya kazi ya uashi: wote wawili wanajenga nyumba, lakini hatajua akufanyie nini.

Soma makala ukianzia kwenye modeli ya tishio

Chagua makala tatu za profesa huyo: moja ya karibuni kabisa, moja ambayo mwandishi wake wa kwanza ni mwanafunzi aliye bado katika kikundi, na moja ya zamani inayotajwa mara kwa mara na hizo mbili. Makala za fani hii huchapishwa zaidi kwenye mikutano ya kitaaluma kuliko kwenye majarida. Zile za usanifu wa kompyuta zitafute ISCA, MICRO, HPCA na ASPLOS. Zile za usalama zitafute USENIX Security, CCS, NDSS na kongamano la IEEE la usalama na faragha. Ukiona profesa anachapisha pande zote mbili, ujue wanafunzi wake hutakiwa kuwaridhisha wahakiki wa aina mbili: mmoja anayeuliza kinga hiyo inapunguza kasi kwa kiasi gani, na mwingine anayeuliza adui mwerevu zaidi angefanya nini.

Msomaji mgeni huanza na muhtasari, kisha hurukia matokeo. Mimi nashauri uanze na sehemu inayoeleza modeli ya tishio, yaani maelezo ya adui anaweza nini, hawezi nini, na ni mashambulizi gani yameachwa nje ya hesabu kwa makusudi. Sehemu hiyo huwa fupi, pengine nusu ukurasa, lakini ndimo makala nzima inamotundikwa. Chukua kalamu na uandike safu mbili: vitu ambavyo waandishi wanaviamini, na vitu wasivyoviamini. Halafu rudi kwenye muundo wa prosesa yao na kwa kila kipande kipya walichokiongeza jiulize kinalinda dhidi ya mstari gani wa safu ya pili. Kipande kisicho na mstari wake ni dalili kwamba hujaelewa kitu. Mara chache ni dalili kwamba waandishi wenyewe walipitiwa, lakini usianze na dhana hiyo.

Mfano mmoja utaonyesha namna swali linavyozaliwa kutokana na usomaji wa aina hii. SGX ya mwanzo haikuisimba kumbukumbu tu. Iliilinda pia dhidi ya adui anayehifadhi nakala ya zamani ya data iliyosimbwa na kuirudisha baadaye mahali pake, jambo ambalo usimbaji peke yake hauwezi kulizuia. Kinga hiyo ilitumia mti wa vihesabu: kila kipande cha data kina namba ya toleo lake, namba hizo zinalindwa na namba za ngazi ya juu yake, na shina la mti linakaa ndani ya chipu ambamo adui hafiki. Gharama yake ni kwamba usomaji mmoja wa kumbukumbu unaweza kuhitaji usomaji mwingine kadhaa wa ngazi za mti, na kumbukumbu iliyolindwa ilikuwa megabaiti 128 tu. Katika prosesa za seva zilizotoka mwaka 2021, kumbukumbu iliyolindwa iliweza kufika gigabaiti 512 kwa kila prosesa, lakini mti ule uliondolewa. Ukizilinganisha safu zako mbili kwa matoleo hayo mawili, utaona mstari mmoja umehama: adui mwenye kurudisha data ya zamani kwa kuzichezea nyaya za kumbukumbu alikuwa ndani ya hesabu, sasa yuko nje.

Hapo ndipo swali dogo linapochomoza. Je, data yote inahitaji mti? Data ambayo haiandikwi tena baada ya kupakiwa haina toleo la zamani, kwa hiyo hakuna cha kurudisha. Inatosha kuithibitisha pamoja na anwani yake. Basi katika programu halisi, ni sehemu gani ya maombi yanayofika kwenye kumbukumbu inaelekezwa kwenye data ya namna hiyo? Swali hili si jipya kabisa, na mwombaji asijidai amelivumbua. Sifa yake ni kwamba linapimika, linatokana na makala alizozisoma, na mtu mmoja mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kulijibu kwa wiki chache.

Fanya jaribio dogo, ulifanye vizuri

Kwa swali lililotajwa, chukua programu moja au mbili, kwa mfano ile inayotumia mtandao wa neva uliokwisha kufunzwa, ambamo vizani vya mtandao, yaani namba ulizojifunza, hupakiwa mara moja na kusomwa mara nyingi. Iendeshe ndani ya gem5, programu ya uigaji wa prosesa inayotumika sana katika vyuo vikuu, na urekodi maombi ya kumbukumbu. Kosa la kwanza ambalo karibu kila mtu hulifanya ni kuyahesabu maombi yote. Data inayopatikana ndani ya kache haijatoka nje ya chipu, kwa hiyo haikaguliwi. Yanayohesabika ni yale tu yaliyozikosa kache zote na kufika kwenye kumbukumbu. Kosa la pili ni kusahau kipimo cha eneo: ukigawa kumbukumbu kwa kurasa za kilobaiti 4, ukurasa mmoja ulioandikwa mara moja katika baiti nane utahesabiwa wote kuwa unaobadilika, ilhali ukigawa kwa mistari ya kache ya baiti 64 utapata jibu jingine. Toa majibu yote mawili, na ueleze kwa nini yanatofautiana. Tofauti hiyo, kwa maoni yangu, humwambia profesa mengi kuliko jibu lenyewe.

Ikiwa profesa wako ni wa upande wa mashambulizi, jaribio la kuanzia ni kupima muda wa kusoma data iliyo kwenye kache na ile isiyokuwemo. Tofauti ni kubwa: kache iliyo karibu zaidi hujibu kwa mizunguko ya saa minne au mitano hivi, na kumbukumbu kuu huchukua mia kadhaa. Ukiandika programu hiyo bila uangalifu, hata hivyo, utapata namba zisizo na maana. Prosesa hubadilisha mpangilio wa amri, hivyo usomaji wa saa unaweza kutekelezwa kabla au baada ya pale ulipokusudia, na ni lazima uuzuie kwa amri za kizuizi. Prosesa hubashiri mfuatano wa anwani na kuleta data kabla hujaiomba, hivyo anwani zako zisifuatane kwa mpangilio unaotabirika. Kasi ya saa hupanda na kushuka kulingana na joto na mzigo. Mfumo endeshi huihamisha programu yako kutoka kiini kimoja kwenda kingine bila kukuuliza. Na mwisho wa yote, usitoe wastani peke yake. Chora mgawanyo wa vipimo vyote, kwa sababu wastani wa vilima viwili huanguka bondeni mahali ambapo hakuna kipimo hata kimoja. Majaribio haya yafanyike kwenye mashine yako au ile uliyoruhusiwa kwa maandishi, si kwenye seva ya watu wengine. Profesa wa usalama akigundua kwamba mwombaji alijaribu mbinu kwenye mfumo usio wake, mazungumzo huishia hapo.

Wenye kuelekea kwenye ubunifu wa maunzi wajifunze lugha ya kuandikia muundo wa maunzi, kama Verilog au Chisel iliyotoka Berkeley, na waibadilishe prosesa iliyo wazi kama Rocket kwa jambo dogo kabisa: kuongeza kihesabu kimoja, au kuzuia eneo moja la kache. Huhitaji kununua bodi ya FPGA, yaani chipu inayoweza kupangwa upya iwe prosesa yako, ili kuanza. Uigaji kwenye kompyuta ni wa polepole lakini unatosha kuonyesha kwamba unajua kusoma muundo ulioandikwa na mtu mwingine, na huo ndio ujuzi utakaouhitaji katika miezi ya kwanza.

Weka msimbo chanzo wako hadharani pamoja na maelezo ya namna ya kuuendesha, mazingira uliyotumia, na jambo ambalo hukuweza kulifanya. Jaribu kuuendesha upya kwenye mashine nyingine kabla ya kumpelekea mtu yeyote.

Jua nani anaamua

Kabla ya kuandika barua, fahamu utaratibu wa chuo husika, kwa maana kuna njia mbili kuu na zinataka mwenendo tofauti. Katika njia ya kwanza, ambayo imezoeleka Marekani, maombi ya uzamivu hupelekwa kwa idara, kamati ya udahili huyasoma, na profesa mmoja hawezi kumdahili mtu peke yake ingawa neno lake lina uzito. Tarehe ya mwisho kwa idara nyingi huko huwa Desemba, kwa masomo yanayoanza mwaka unaofuata. Katika njia ya pili, inayopatikana katika vyuo vingi vya Ulaya, nafasi ya uzamivu hutangazwa kama ajira yenye mshahara, profesa mwenyewe huchagua mtu, na shahada ya uzamili huwa ni sharti la kuingilia. Mwombaji anayechanganya njia hizi humwomba profesa wa Marekani "nafasi ya kazi", au humngoja profesa wa Ulaya mpaka kamati ikae, wakati tangazo lilikwisha fungwa.

Soma pia ukurasa wa profesa mpaka mwisho. Wengi wameandika wazi kama wanachukua wanafunzi mwaka huo, kama wanajibu barua za waombaji, na wakati mwingine wameweka neno maalumu la kuandika kwenye kichwa cha barua ili wajue nani amesoma. Ikiwa ameandika kwamba hajibu barua na kwamba mwombaji amtaje tu kwenye fomu, fanya hivyo na usitume barua.

Barua ya kwanza

Barua iwe fupi kiasi cha kusomeka bila kuteremsha ukurasa kwenye simu. Iwe na mambo manne tu: wewe ni nani kwa sentensi moja, ulisoma nini na ukakwama wapi, ulipima nini, na unaomba nini. Mfano wa kiini chake ni huu:

"Nimemaliza shahada ya kwanza ya uhandisi wa kompyuta na ninakusudia kuomba uzamivu katika idara yako msimu huu. Baada ya kusoma makala yako kuhusu uadilifu wa kumbukumbu, nilijiuliza ni sehemu gani ya maombi ya kumbukumbu inaelekezwa kwenye data isiyoandikwa tena, na kwa hiyo isiyohitaji vihesabu vya matoleo. Nilipima programu mbili kwa gem5. Matokeo na msimbo viko kwenye kiungo kilicho hapa chini, pamoja na upungufu ninaoujua. Ningependa kufahamu kama unatarajia kuchukua wanafunzi mwaka huu, na kama swali la namna hii liko karibu na kazi ya kikundi chako."

Mwishoni ambatisha wasifu wa kurasa mbili katika faili moja, na uandike jina lake vizuri. Mwite kwa cheo chake na jina lake la ukoo. Usitumie jina la kwanza kabla hajakuruhusu, na usimwite "bwana" kabla ya kuhakikisha kwamba ni mwanamume. Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya majuma mawili, kisha uache. Ukimya haumaanishi kwamba maombi yako yatakataliwa, na wapo walioingia katika vikundi vya maprofesa ambao hawakuwahi kuwajibu.

Jambo moja linanikera, na ninalitaja kwa sababu limeongezeka. Kuna waombaji wanaoitumia programu ya akili unde kuandika aya inayosifu makala tatu za profesa, na aya hiyo husomeka vizuri sana isipokuwa kwamba moja ya makala hizo haipo duniani. Profesa anazikumbuka kazi zake mwenyewe.

Tamko la malengo na barua za mapendekezo

Tamko la malengo husomwa na watu ambao baadhi yao hawajui prosesa salama, kwa hiyo ule ufupi wa barua haufai hapa. Anza na swali lako, ulieleze kwa namna ambayo mhandisi wa fani jirani atalifuata, kisha simulia ulivyolishughulikia: ulidhani nini mwanzoni, kipimo gani kilikukanusha, ulibadilisha nini. Baada ya hapo eleza unataka kulipeleka wapi, na kwa nini idara hiyo ndiyo mahali pake, ukiwataja maprofesa wawili au watatu na sababu ya kila mmoja. Kumtaja mmoja tu ni hatari, kwa kuwa anaweza kuwa likizo ya utafiti au hana fedha mwaka huo. Utoto wako na kompyuta ya kwanza uliyoiona viache nje, labda viwe vina uhusiano wa kweli na swali lako.

Usijifunge mno pia. Mwombaji anayeandika kwamba atatafiti mti wa vihesabu na si kitu kingine humfanya msomaji ashuku kwamba hatashaurika. Swali lako ni ushahidi wa namna unavyofikiri. Mada ya tasnifu itatokana na mazungumzo ya mwaka wa kwanza au wa pili.

Barua za mapendekezo huwa tatu katika vyuo vingi. Mtu aliyekusimamia katika mradi na kukuona ukikosea na kujirekebisha anafaa kuliko mkuu wa idara aliyekufundisha darasani mkiwa mia mbili. Waombe mapema, angalau wiki sita kabla, na umpe kila mmoja ukurasa mmoja wa kumkumbusha mambo mahususi uliyoyafanya chini yake pamoja na tarehe za mwisho za kila chuo. Matakwa mengine, kama mtihani wa lugha, nakala za matokeo zilizothibitishwa na ada ya maombi, hayana siri yoyote isipokuwa kwamba huchukua muda, na baadhi ya idara husamehe ada kwa atakayeomba msamaha huo kabla ya tarehe.

Mahojiano

Ukiitwa kwa mahojiano, kwa kawaida kwa njia ya video na kwa nusu saa hivi, tarajia kuulizwa juu ya jaribio lako kuliko juu ya alama zako. Maswali hufuata mkondo unaotabirika. Kwa nini ulichagua programu hizo mbili? Matokeo yangekuwaje kama kache ingekuwa kubwa maradufu? Adui aliye ndani ya mfumo endeshi angeweza kufanya nini na ukurasa unaodai hauandikwi? Swali hilo la mwisho ni zito, kwa sababu kama mfumo endeshi ndio unaosema ukurasa upi hauandikwi, basi umekwisha kumpa adui ufunguo, na inabidi maunzi yenyewe yakumbuke hali ya ukurasa. Lifikirie kabla. Usipojua jibu, sema hujui, kisha ueleze ungeanza kulitafuta wapi. Mhojaji wa fani hii amezoea mifumo inayojidai kuwa salama mpaka ilipovunjwa, na husikia haraka mtu anapojihami kwa maneno.

Nawe uulize. Uliza wanafunzi wa kikundi hutumia muda gani kabla ya makala ya kwanza, kama kikundi huwa kinatoa msimbo wake hadharani, na kinafanya nini kinapogundua udhaifu katika prosesa iliyo sokoni. Kuhusu hili la mwisho, desturi ni kumjulisha mtengenezaji kwanza na kusubiri kabla ya kutangaza, na kipindi hicho kinaweza kuwa cha miezi mingi. Spectre na Meltdown zilijulikana kwa watengenezaji tangu katikati ya 2017. Mwanafunzi wa upande wa mashambulizi anaweza kukaa na matokeo yake bora bila ruhusa ya kuyasema hata kwa rafiki wa maabara ya pili, na ni vema ajue hilo kabla ya kuingia.

Fedha, na kupokea nafasi

Uzamivu katika fani hii kwa kawaida hulipiwa, ama kwa usaidizi wa utafiti kutoka kwenye ruzuku ya profesa, ama kwa usaidizi wa kufundisha kutoka idarani, ama kwa ufadhili wa nje. Uzamili, kinyume chake, mara nyingi hulipiwa na mwanafunzi mwenyewe, na barua ya kukubaliwa isiyotaja fedha isomwe kuwa haina fedha. Uliza kwa maandishi ufadhili ni wa miaka mingapi, unafunika ada na bima au posho tu, na utakuwaje ruzuku ikiisha kabla ya tasnifu kukamilika. Ikiwa sehemu ya fedha hutoka kwa kampuni inayotengeneza prosesa, uliza pia kama kuna masharti juu ya kuchapisha.

Kabla ya kukubali, zungumza na wanafunzi wawili walio katika kikundi na mmoja aliyekwisha kuondoka, bila profesa kuwapo. Waulize hukutana naye mara ngapi, na jambo gani hutokea makala inapokataliwa, kwa sababu katika mikutano hii kukataliwa ni jambo la kawaida na hasira ya msimamizi wakati huo hukaa na mwanafunzi kwa muda mrefu. Vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana kwamba mwombaji aliyepewa nafasi yenye ufadhili asilazimishwe kujibu kabla ya Aprili 15. Tumia muda huo, lakini usikalie nafasi ambazo umekwisha amua kutozichukua. Ukishakubali moja, ziandikie idara nyingine siku hiyohiyo, kwa kuwa kuna mtu kwenye orodha ya kusubiri, kisha uwajulishe waliokuandikia barua za mapendekezo.